Unga Miguuni mwa Helikopta

Mlio ulianza kabla jua halijatoka, ukitokea upande wa lambo, na Mwanasha akautambua akiwa bado amejigubika kanga kitandani. Ulikuwa mlio mwembamba wa kukereketa, na nusu ya mtaa wao pale Newala iliuchukia. Wengine walisema ni nyuki waliotumwa. Wengine, hasa wale ambao hawajawahi kufika lambo alfajiri, walisema wazi kwamba Hamudi wa Lisekese anafuga ungo, na kwamba hata harufu anayoiacha nyuma si ya kitu cha halali. Harufu yenyewe ilikuwa ya mafuta ya nyonyo, ambayo Hamudi aliyachanganya na spiriti ili helikopta yake ndogo ya kurushwa kwa rimoti ipate kunywa. Lakini nani angewakalisha watu chini awaeleze hayo?

Mwanasha hakuhitaji kuelezwa. Kwake yeye mlio ule ulikuwa na maana moja tu: njoo.

Akainuka, akachukua ndoo. Mama yake, aliyekuwa akichochea moto jikoni, aliitazama ndoo, kisha akamtazama aliyeishika.

"Leo nako maji?"

"Maji ya hapa kwetu ukilala yanachukuliwa na wenzio, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pita njia ya chini, msolo usiukaribie. Mjomba wako hajaenda kutazama."

"Najua, mama."

"Kujua unajua," mama akasema, akarudi kupuliza moto wake.

Jioni iliyopita Mjomba Bwanali alikuwa amechuchumaa chini ya msolo, mti wa matambiko ulio nyuma ya nyumba yao. Alisema Bismillahi, kisha akaanza kuwataja wazee wa ukoo waliokwisha kutangulia, mmoja baada ya mwingine, hadi akafika kwa mama yake mwenyewe, Bibi Stamili. Alipokuwa akiwataja, aliuachia unga wa mtama uchirizike kutoka kwenye ngumi yake, taratibu, mpaka ukawa kichuguu kidogo chenye ncha. Akainuka bila kuugusa. Unga ule ndio ungelala nje na kutoa jibu. Ukikutwa asubuhi umesimama, Hamudi amekubaliwa kumwoa Mwanasha. Ukikutwa umeanguka, Hamudi atarudi kwao Lisekese siku hiyo hiyo, na wazee wa mposaji mwingine, Awadhi, watakaribishwa. Jibu la unga halina rufaa.

Huku kwetu uwanda wa juu baba hupewa heshima zake na kiti kizuri, lakini mwenye neno juu ya binti ni kaka wa mama. Na Mjomba Bwanali hakuwa mtu mbaya, tumtendee haki. Alikuwa amechoka tu. Upande mmoja alikuwapo Awadhi, mnunuzi wa kampuni, mmoja wa wale vijana waliomiminika na pikipiki na redio kol za kuzungumzia tangu kampuni za watu binafsi ziliporuhusiwa kununua korosho. Upande wa pili alikuwapo Hamudi, Mmakua asiye na hata mkorosho mmoja, fundi wa pampu na redio, ambaye anarusha angani kitu kisichoeleweka. Ukoo mzima ulimtaka Awadhi. Mwanasha alilia, akasusa chakula, akanyamaza kwa siku nyingi. Mwishowe mjomba akasema, "Mimi siamui tena. Waamue wenyewe."

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umepanda kutoka Shimo la Mungu, lile bonde refu chini ya mji, na kuufunika mji wote. Mwanasha alitembea akiona vidole vyake vya miguu na si mbali zaidi ya hapo. Alimkuta Hamudi kwenye ukingo wa lambo, amevaa sweta lililotoboka kiwiko, amesimama na rimoti mkononi. Helikopta ilikuwa chini mbele yake, injini ikiunguruma, panga likizunguka polepole. Ilikuwa kubwa kuliko jogoo, na ilitetemeka miguu yake ikiwa imekanyaga majani.

"Nilidhani hutakuja," Hamudi akasema.

"Nilidhani hutarusha. Leo siku ya nini hii ya kurusha?"

"Sikupata usingizi. Nimekaa tangu usiku nikiufikiria unga. Nikaona nikiendelea kukaa nitakwenda kuuchungulia, na hilo ni kosa. Heri mikono iwe na kazi." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu ambaye uso wake haujalala. "Shika rimoti yako."

Mwanasha akaokota rimoti ya pili iliyokuwa kwenye nyasi. Hiyo ilikuwa ya boti. Helikopta Hamudi aliachiwa na mhandisi mmoja Mzungu wa mradi wa maji, siku Mzungu huyo alipofunga mizigo yake kurudi kwao. Boti alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku, refu kama kitanda cha mtoto, juu yake sitaha tambarare. Kazi ya Mwanasha ilikuwa kulipeleka boti katikati ya maji na kulituliza hapo. Kazi ya Hamudi ilikuwa kuitua helikopta juu yake. Walikuwa wakirusha alfajiri kwa sababu ofisi za kampuni zikishafunguliwa, maneno ya redio kol hujaa hewani na helikopta huanza kubabaika. Hivyo ndivyo walivyozoeana, kila mmoja akikodolea macho chombo chake, wakizungumza bila kutazamana. Mara ya kwanza helikopta ilipotua salama, Mwanasha aligeuka kumtazama, akamkuta naye keshageuka kumtazama. Akampenda papo hapo, wala hakujisumbua kujificha.

"Nikitua hapa mara moja nazima," Hamudi akasema. "Kisha tukangoje jibu kama watu wazima."

"Na likiwa baya?"

"Likiwa baya nitaondoka. Nilikula kiapo mbele ya mjomba wako kwamba nitalipokea."

"Mimi sikula kiapo."

"Ndiyo maana unatakiwa na watu wawili," akasema. Mwanasha akacheka ingawa hakutaka.

Boti likateleza kwenye maji. Helikopta ikainuka, ikapiga upepo uliopasua ukungu kidogo, ikapanda, ukungu ukaimeza. Ikabaki sauti tu.

Kwa muda sauti ilikuwa pale inapopaswa kuwa, juu ya lambo. Halafu ikaanza kuondoka.

"Unaipeleka wapi?" Mwanasha akauliza.

 Mwanasha akamtazama mikono. Alikuwa amevisukuma vijiti vyote vya rimoti upande wa kulia mpaka mwisho. Sauti ilikuwa ikienda kushoto, bila haraka, kuelekea nyumbani kwao.

"Si mimi," Hamudi akasema kwa sauti ndogo.

Aliinua rimoti juu ya kichwa. Akaishusha. Akavuta antena, akairudisha. Sauti ikaendelea kwenda. Mwishowe akafanya jambo ambalo hufanywa na fundi aliyekata tamaa, akaizima kabisa rimoti, ili chombo kianguke popote kitakapoangukia.

Hakikuanguka. Kule kwenye ukungu mlio ukashuka chini ukasimama mahali pamoja. Ulikaa hapo ukinguruma, haupandi wala hauondoki. Mwanasha alijua ni wapi, maana aliujua ule upande tangu utotoni.  Vyura wa lambo, waliokuwa wakipiga kelele muda wote, walikuwa wamenyamaza, naye hakukumbuka wamenyamaza saa ngapi.

"Washa," akanong'ona. "Hamudi, washa uirudishe."

"Nikiwasha halafu isinisikie?"

Kabla hajamjibu, mlio ukaanza kurudi. Ulikuja kwa njia ile ile, polepole. Helikopta ikachomoza kutoka kwenye ukungu chini chini, karibu iguse maji, ikasimama juu ya boti, ikatua. Ilitua kwa upole kuliko Hamudi alivyowahi kuitua. Injini ikazimika yenyewe.

Boti likadidimia. Halikuwahi kudidimia hivyo kwa uzito wa helikopta. Maji yalipanda mpaka usawa wa sitaha, likakaa hivyo, mfano wa chombo kilichopakia abiria. Mwanasha alilivuta kwa rimoti, likaja zito. Lilipogusa ukingo liliinuka ghafla likawa jepesi kama kawaida yake. Wote wawili wakarudi nyuma hatua moja, bila kuambizana, kama watu wanaompisha mtu.

Hamudi ndiye aliyeinama kwanza. Akaitazama miguu ya helikopta, akapitisha kidole, akakinusa.

"Unga," akasema.

Miguu yote miwili ilikuwa na unga wa mtama.

Mwanasha akaelewa kichuguu kimeanguka, akaogopa. Si kwamba aliogopa wafu. Wakati huo hakuwa na nafasi ya kuwaogopa. Aliogopa mchana unaokuja, na Hamudi akipanda gari la Masasi kurudi kwao na begi lake, na Awadhi akikaribishwa kwa chai.

"Nakwenda kuutengeneza," akasema.

"Kutengeneza nini?"

"Unga. Mjomba huenda jua likishatoka. Bado nina muda."

"Mwanasha, usifanye hivyo."

"Umeuangusha wewe, si wao. Chombo chako ndicho kilichoangusha. Kwa nini nipoteze maisha yangu kwa upepo wa panga?"

"Kama ni mimi, basi twende tukamwambie mjomba wako ni mimi. Aweke mwingine."

"Umwambie nini? Kwamba kile wanachokiita ungo kimekwenda chenyewe kwenye msolo, wewe umeshazima? Watakutoa hapa kwa mawe, Hamudi."

"Heri mawe. Sitaki kukuoa kwa kuwaibia waliokufa." Alikuwa amekunja uso. "Kabla ya vigelegele mjomba wako ataniuliza kama nina neno. Ni desturi yenu, si ndiyo? Akiniuliza, nitasema."

"Ukisema, umenikataa."

"Sijakukataa."

"Utakuwa umenikataa mbele ya watu," Mwanasha akasema, akaacha ndoo, akaacha rimoti, akakimbia.

Chini ya msolo mambo yalikuwa kama alivyohofia. Kichuguu hakikuwapo. Unga ulikuwa umetapakaa kwa duara, mweupe juu ya udongo wenye umande. Alivunja tawi akafagia, akafukia. Aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Mama alikuwa amekwenda kuwaamsha majirani. Unga wa mtama ulikuwa umebaki kwenye kinu, akachota kwa viganja viwili.

Alichuchumaa pale pale alipochuchumaa mjomba wake. Aliuachia unga uchirizike kutoka kwenye ngumi. Kichuguu kikainuka, kikapata ncha. Muda wote ule alikuwa na hisia kwamba nyuma yake amesimama mtu mwenye subira, anayengoja amalize. Hakugeuka. Ncha hakuigusa, hata mtoto wa huku anajua kwamba unga ukishachirizika hauguswi. Akasikia kikohozi cha mjomba wake upande wa njia, akafuta nyayo zake kwa lile tawi, akajitosa kwenye mihogo, akalala chini. Kutoka pale alimwona Mjomba Bwanali akitokea kwenye ukungu na fimbo yake, akienda moja kwa moja mpaka kwenye mti, akiinama. Aliinama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona kama unga umesimama au umeanguka.

Watu walikusanyika barazani kwa mjomba. Walikuwapo wazee wachache, akina mama wa jirani, na Hamudi na mzee wake mmoja aliyefuatana naye kutoka Lisekese. Jua lilikuwa limetoka lakini ukungu haukutaka kuondoka, na watu walionekana wamepauka. Mwanasha alikaa mkekani nyuma ya mama yake. Hamudi hakumtazama.

"Unga umesimama," Mjomba Bwanali akasema.

Mama mmoja akavuta pumzi apige kigelegele. Mjomba akainua mkono.

"Ngojeni. Umesimama, lakini nina umri huu na sijapata kuona nilichokiona leo. Kwenye ncha pana alama ya kidole. Kidole chembamba, kimechovya mara moja tu, kama mtu anayeonja. Nyayo za mtu sikuziona, pamefagiliwa safi. Nimesema labda macho yangu. Nikamwita dada yangu akaone."

Mama Mwanasha alikuwa akilia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtiririka tu hadi kidevuni.

"Ni mama," akasema. "Mama alikuwa hawezi kupita kwenye unga asichovye kidole. Mpaka tukawa tunamficha. Tangu tumzike sijamwota hata siku moja. Nilisema amenikasirikia. Kumbe amekuja."

 Mzee mmoja alivua kofia yake akaishika mapajani. Mwanasha alikodolea macho mgongo wa mama yake unaotikisika, na ndani yake mlikuwa na hasira na huruma vimechanganyika. Hamudi, akajisemea. Ameona nimeondoka, akaja nyuma yangu akaweka kidole, ili unga wangu uaminike. Alimshukuru na kumchukia papo hapo. Mtu ambaye alikuwa hataki kuwaibia wafu, sasa amemwibia mama yangu machozi.

"Hamudi," Mjomba Bwanali akasema. "Wenyewe wamekubali. Mimi nani nikatae? Kabla akina mama hawajatoa sauti zao, nakuuliza kwa desturi. Una neno?"

Hamudi akainuka.  Mwanasha alijua sasa atasema. Alimjua mtu wake, alijua kwamba hata redio ya mteja akiiharibu huenda mwenyewe kugonga mlango. Hamudi alimtazama Mjomba Bwanali. Kisha akamtazama mama, ambaye alikuwa akijifuta uso kwa upindo wa kanga na kujaribu kumtabasamia mkwe wake. Mwisho akamtazama Mwanasha, na katika macho yake mlikuwa na lawama nzito ambayo Mwanasha hakuielewa.

"Sina neno, mjomba," akasema, akakaa.

Vigelegele vikapasua ukungu.

Yalisemwa mengi siku ile, na watu walikula, na mzee wa Lisekese alisifiwa kwa adabu zake. Mchana, watu walipopungua, Mwanasha alikwenda lambo kuchukua ndoo aliyoiacha. Hamudi alikuwa huko, amepiga magoti, anapangusa miguu ya helikopta kwa kitambaa. Ilikuwa imeshatakata zamani, lakini aliendelea kupangusa.

"Umefurahi?" akauliza bila kugeuka.

"Nilitaka kufurahi."

"Nimesema sina neno. Nimemtazama mama yako nikaona siwezi. Neno hilo nitakufa nalo." Akakitupa kitambaa. "Kuutengeneza unga nimekuelewa, Mwanasha. Nilikukataza, lakini nimekuelewa. Kile kidole ndicho kinachoniuma. Ulikuwa na haja gani ya kumchezea mama yako namna ile?"

Mwanasha alimtazama.

"Nilidhani ni wewe," akasema.

"Mimi?"

"Nilidhani ulinifuata."

"Sikuondoka hapa. Niliogopa hata kuipa mgongo hii." Aliionyesha helikopta kwa kidevu. "Mpaka waliponiita nilikuwa nimesimama hapa hapa."

"Ncha sikuigusa, Hamudi. Niliachia unga, nikasikia mjomba anakohoa, nikaingia kwenye mihogo. Nililala chini namwona anakuja. Kati yangu na yeye hakupita mtu. Yeye mwenyewe hakunyoosha mkono, nilikuwa namtazama."

Upepo mdogo ulipita juu ya lambo, boti likagonga ukingo, wote wawili wakashtuka. Kisha Hamudi akakaa chini kwenye nyasi, na Mwanasha akakaa kando yake, karibu zaidi ya ilivyoruhusiwa kwa watu ambao bado hawajafunga ndoa. Mama yake alikuwa amelia machozi ya haki. Hilo lilimtua mzigo mmoja, likamtwika mwingine ambao hakujua auite nini. Unga wa uongo aliuweka kwa mkono wake, na kuna mtu alikuja akauonja.

"Kumbe alikuwa ananisubiri nimalize," akasema polepole.

Hamudi hakuuliza ni nani. Akaegemeza kidevu magotini.

"Naogopa," akasema.

Mwanasha hakuwahi kumsikia mwanamume akilitamka neno hilo bila kulizungushia mzaha. Alimpenda kwa hilo kuliko kwa yote ya nyuma.

"Hata mimi."

"Basi leo hii namrudia mjomba wako nimwombe ndoa isivuke Ijumaa." Akautafuta mkono wake kwenye nyasi, akaupata, ulikuwa baridi, na wake pia. "Sitaki kuogopa peke yangu."